Vidonge Mbele ya Mama Mkwe

Wewe uliyekaa kwenye benchi la nje, lile linalowekwa mbali na mabenchi mengine ili upepo upite, na mkononi umeshika kikopo chenye mfuniko ambacho hutaki jirani akione, mwangaluka, nakuamkia kwa Kisukuma. Nami nilikaa hapo. Nilikificha kikopo changu ndani ya kofia, mpaka mtu wa pembeni yangu akaniambia, "Kaka, usihangaike, hapa sote tumekuja na vyetu." Sasa nimepona, nimenenepa, na mke wangu analalamika kwamba nimerudia kukoroma. Nafasi ya kuandika nimeipata kwa sababu huu ni wakati wa mbalamwezi, na sisi wavuvi wa dagaa mbalamwezi ikiwaka hatuna kazi.

Naitwa Maduhu. Navua kwenye mwalo mmoja mdogo wa kutia nanga mitumbwi, upande wa Nassa, huku Busega. Dagaa wetu huvuliwa usiku, kwenye giza. Tunawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata kwa ujinga wao, tunawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu hawaijali taa tena, kwa hiyo tunapumzika, tunashona nyavu, wengine wanakwenda makwao kuangalia mashamba ya pamba. Mwaloni kwetu mtu haulizi leo tarehe ngapi. Anauliza giza limeingia au bado.

Asubuhi tukitia nanga wanawake wanatupokea na mabeseni. Wao ndio wanaoanika, kugeuza na kuuza. Sisi tunakunywa uji, tunakwenda kulala. Tulikuwa tunalala watu sita kwenye kibanda kimoja cha mabati, na kwa kuwa jua halina huruma na mtu aliyekesha, tulikuwa tumeziba dirisha kwa blanketi, na juu ya blanketi tumepigilia turubai, na mlango tunaufunga. Humo ndani kulikuwa giza zuri kama la ziwani. Tulijisifu kwamba hakuna kibanda kinacholaza watu vizuri kama chetu.

Kikohozi kilinianza watu wakichuma pamba. Nikasema ni baridi ya maji. Kulwa, nahodha wetu, akasema ni moshi wa zile taa za zamani tulizozitumia miaka mingi, kwamba sasa ndio unatoka. Mwingine akasema nimerogwa na mwenye mtumbwi wa jirani kwa sababu taa yangu inavuta dagaa kuliko yake, na mimi, kwa kuwa ni mtu wa kupenda sifa, hilo nililipenda zaidi. Nilikunywa asali, nikanywa tangawizi, nikanywa na vitu ambavyo sitavitaja kwa kuwa watoto wangu watasoma hapa. Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa nakohoa mpaka nakaa chini.

Minza, mke wangu, ndiye aliyenipeleka kituo cha afya. Alikuwa amejifungua juzijuzi tu, mtoto wetu wa tatu, wa kike, naye akamfunga mgongoni akanitanguliza njiani kama mtu anayepeleka ng'ombe josho.

Sitakueleza habari za vijidudu, hizo nesi atakueleza vizuri kuliko mimi. Wetu aliitwa Nesi Rehema, mama mwenye sauti ya chini na subira nyingi.

"Unakohoa tangu lini?"

"Tangu pamba."

"Unatokwa jasho usiku?"

"Nesi, usiku mimi navuta wavu. Asiyetokwa jasho kwenye mtumbwi wetu tunamshusha."

"Na ukilala mchana?"

"Mchana nalala chini ya bati."

"Mwili umepungua?"

"Giza likiisha sote tunapungua."

Akaweka kalamu chini. "Kaka yangu, kila dalili ninayokuuliza una kazi ya kuisingizia. Haya, unalala na watu wangapi?"

Nikamtazama Minza. "Na mke mmoja tu, nesi, haki ya Mungu."

Minza akacheka mpaka mtoto akaamka. Nesi naye akacheka, akasema anauliza chumba, si hayo mengine. Nilipomwambia sita, na blanketi, na turubai, na mlango, hakucheka tena. Alinipa kikopo cha makohozi.

Ilikuwa TB. Nilipelekwa pia Bariadi kupigwa picha ya kifua, na huko niligundua faida pekee ya kikohozi kile: kila nilipokohoa foleni ilipungua mbele yangu. Watu walinipisha kwa adabu kubwa, nikapigwa picha kabla ya waliokuja alfajiri. Nilicheka peke yangu, lakini nilipovua shati mbele ya ile mashine nikajiona kwenye kioo cha dirisha. Mikono yangu, ambayo nilikuwa nikiionyesha watu kwa makusudi, ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Mkanda wangu nilikuwa nimeutoboa matundu mapya kwa msumari, moja baada ya jingine, na kila nilipotoboa nilijiambia kwamba ni ngozi ya mkanda inayolegea. Nikaogopa kweli siku hiyo.

Dawa ni za miezi sita. Nesi Rehema alieleza yote vizuri: watoto watapewa dawa ya kinga, dirisha lifunguliwe, na nikimeza bila kuruka, baada ya majuma machache sitamwambukiza mtu. Lakini habari zilifika Mwanhuzi kabla hatujafika nyumbani. Kaka yake Minza, Masunga, ana ng'ombe wake huko, na ni mtu asiyejua kubembeleza. Akaja mwenyewe.

"Shemeji, pole," akasema akiwa amesimama mbali. "Dada yangu na watoto nawachukua. Makohozi yako yakiwa safi, nitawaleta."

"Nesi amesema majuma machache tu."

"Nesi amesema. Mimi nasema makohozi yakiwa safi."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba wale ni watoto wangu na nyumba ni yangu, lakini kikohozi kikanishika katikati ya sentensi. Minza alilia akifunga nguo. Mimi nilijifanya sina neno, nikamwambia aende akanywe maziwa ya bure. Yule mdogo sikumbeba kumuaga. Nilimpungia mkono, naye alikuwa amelala.

Sasa likabaki swali la Nesi Rehema. Mgonjwa wa TB anatakiwa awe na mtu wa kumsimamia, mtu wa kumwona akimeza dawa kila siku kwa macho yake. Minza ameondoka. Mama yangu mzazi alishafariki. Wenzangu wa mtumbwini ndio wanaolala saa za dawa. Nilikuwa nimesimama mwaloni nikilifikiria hilo kwa sauti mbele ya Kulwa, ndipo sauti ikatoka nyuma ya chanja za kuanikia dagaa.

"Nitamsimamia mimi."

Mwalo mzima ulicheka. Alikuwa mama mkwe wangu.

Kama wewe si Msukuma nikueleze kwa nini walicheka. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai kwenye kiti kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Ukimwona anakuja, unaingia kichakani, na kisipokuwepo kichaka unageukia ukuta. Si uadui, ni heshima kubwa kupita zote. Jina lake situmii hata hapa kwenye karatasi. Sasa huyu wa kwangu anafanya kazi ya dagaa mwaloni palepale ninapovua, kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa na utaratibu wetu: mtumbwi ukitia nanga, anasubiri nyuma ya chanja mpaka nishuke nipite, ndipo anakuja na beseni lake. Dagaa niliowavua mimi walifika kwake kwa mkono wa Kulwa. Nilimjua kwa mgongo tu. Ningeweza kuutambua ule mgongo kwenye mnada wenye watu elfu.

Na sasa mwanamke huyu anatakiwa anitazame mdomoni kila asubuhi.

Siku ya kwanza nilikaa uani kwangu, vidonge vinne kiganjani, nikasikia hatua nje ya uzio wa matete. Zikasimama. Niliona kanga yake kwenye nafasi za matete, na ilikuwa imenipa mgongo. Kulikuwa na bata pale nje, wale wanaoishi kwa kuokota dagaa wanaodondoka. Mama mkwe akamgeukia bata.

"Wewe bata, mwambie baba wa watoto maji yapo kwenye jagi."

Nikafikiri kidogo. "Bata, mwambie mama nimeyaona."

"Bata, muulize amemeza?"

"Bata, mwambie ndiyo nameza."

"Bata, mwambie anywe maji kwa sauti, nisikie."

Nikanywa kwa sauti, glu glu, mpaka yakanimwagikia kifuani. Akasema, "Bata, mwambie wabeja," yaani ahsante, akaenda zake. Na hivyo ndivyo nilivyoanza matibabu yangu.

Dawa zenyewe si tamu. Tumbo lilichafuka, viungo viliuma, na siku ya pili nilipokwenda chooni nikatoka mbio. Mkojo ulikuwa mwekundu. Sisi tuliokulia ziwani tunajua mkojo mwekundu ni nini, ni kichocho, wavulana wa rika langu wote walikipata. Nikasema basi, na kichocho nacho kimerudi. Nikajikokota mpaka kwa Nesi Rehema. Aliniambia ni rangi ya dawa tu, tena alikuwa amenieleza siku ile ya kwanza, ila mimi wakati huo nilikuwa namtazama Minza. Kwa hiyo nawe nakuambia mapema, usikimbie.

Kila nilipokwenda kuchukua dawa nilikaa kwenye lile benchi na Sayi. Ndiye aliyeniambia tumekuja na vyetu. Ni mkulima wa pamba wa Kiloleli, mrefu, mwenye maneno. Yeye alihesabu matibabu kwa shamba: alianza wakati wa kupanda, akasema atamaliza akichuma. Mimi nilihesabu kwa giza. Tulikuwa tunabishana ni hesabu ipi fupi. Kisha tunapanda mzani. Sayi aliufanya ule mzani kuwa pambano la ngumi. "Leo nakupiga," ananiambia, na akishuka anainua mikono juu, benchi zima linamshangilia. Mara moja alipanda na viatu vya mvua vyenye tope la shamba, nesi akamshusha akavivue. Sijawahi kucheka hospitali kama nilivyocheka kwenye benchi lile, na nusu yetu tulikuwa tunacheka huku tumeshika mbavu kwa maumivu.

Ilipoingia mbalamwezi ya kwanza Kulwa na wenzangu wakaenda kupimwa. Hawakutaka wakati wa giza, na nesi aliwaelewa. Mmoja akakutwa nayo, mapema, hajaanza hata kukohoa sana, naye akaanza dawa. Waliporudi waling'oa turubai, wakang'oa blanketi, wakafungua dirisha. Sasa wanalala kofia zimefunika macho, wanalalamika kila siku, na dirisha liko wazi mpaka leo.

Chakula changu kilitoka kwa mama mkwe. Sikumwona akikileta. Nilikikuta mlangoni, supu ya sato, au uji uliotiwa dagaa wa kusaga, umefunikwa na sahani na jiwe juu ili bata wasije. Mwanzoni nilikula kwa kulazimisha. Halafu asubuhi moja niliamka na njaa. Njaa ya kweli, ya mvuvi. Nilikomba chungu, nikatamani kulia kwa furaha.

Na hapo ndipo nilipotaka kuharibu kila kitu.

Giza la pili lilikuwa limeingia. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, nilikuwa napanda kile kilima cha nyuma bila kupumzika. Kulwa akaja dirishani.

"Maduhu, dagaa wamehama huku kwetu. Tajiri anasema twende visiwani, tutakaa giza zima. Nafasi yako ipo. Ila kama huwezi, kuna mtu anaitaka, na akiingia sijui kama atatoka."

Tajiri kwetu ni mwenye mtumbwi. Nafasi kwenye mtumbwi si kitu cha kuacha ovyo. Ukiondoka mwenzio anaingia, anaizoea taa yako, na wewe unabaki ufukweni unaomba kazi ya kubeba. Nilimwambia ninakuja. Vidonge nitavibeba, nikajiambia, nitavimeza hukohuko. Nesi Rehema alikuwa ameshatuonya kwamba wanaokwenda visiwani katikati ya dawa hawaonekani tena mpaka waletwe. Nilijua. Lakini nilikuwa nimeshiba, nina nguvu, na kukaa uani nikizungumza na bata kulikuwa kumenichosha.

Alasiri mtumbwi ulipokuwa unapakiwa nikapanda na begi langu. Wanawake walikuwa wakikusanya dagaa waliokauka, watu wamejaa, kelele tupu. Kisha kelele zikapungua upande mmoja, halafu zikakatika kabisa. Nilipoinua macho nikaona mama mkwe anakuja. Hakupita nyuma ya chanja. Alikuja moja kwa moja mchangani, watu wanampisha, mpaka akaingia majini kwa magoti na kushika ubavu wa mtumbwi wetu. Nikageukia upande wa pili kama inavyotakiwa.

"Maduhu."

Hakuwahi kulitamka jina langu. Mtu mmoja nyuma yangu akaguna.

"Nitazame."

"Mama, watu..."

"Nimesema nitazame."

Nikageuka. Miaka yote ile ya mwalo mmoja, na sikujua kwamba Minza amechukua macho ya mama yake. Yaleyale, makubwa, yenye kukasirika kwa upole. Na magamba ya dagaa yalikuwa yamemganda shavuni.

"Baba yake Minza alianza dawa hizihizi," akasema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapumua. "Alipopata nguvu akasema anakwenda giza moja tu, atarudi kumalizia. Mimi nilimfungia chakula cha safari. Mimi mwenyewe. Walimrudisha amefunikwa turubai, na Minza hajaanza kutembea."

Minza alikuwa ameambiwa baba yake alifia ziwani, basi. Nami hivyohivyo.

"Sikumzuia kwa sababu niliona haya, kulikuwa na wanaume wengi ufukweni. Leo sioni haya. Na mwanao naye hajaanza kutembea. Shuka."

Nilitamani maji yanifunike. Nilikuwa na hasira, na haya, na chini ya hayo yote nilikuwa na hofu ile ya siku ya kioo, imerudi nzima. Nikashuka. Kulwa akanipa begi langu. Akasema polepole, "Nenda, nitamwambia tajiri mwenyewe," na mtumbwi ukasukumwa bila mimi. Nilirudi nyumbani kwangu nikalia, sikujificha.

Asubuhi iliyofuata hatua hazikusimama nje ya uzio. Mama mkwe alifungua lango, akachukua ndoo, akaipindua, akaikalia mbele yangu.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Nikameza. Akaniambia niinue ulimi, nikauinua. Tulifanya hivyo kila siku iliyofuata, na hakuna siku tuliyozoea. Kila asubuhi alivuta pumzi langoni kama mtu anayeingia maji baridi, kisha akaingia.

Miezi miwili ilipotimia nilipeleka tena kikopo. Safari hii sikukificha. Majibu yalipotoka Nesi Rehema alikuja nayo mwenyewe mpaka kwenye benchi.

"Safi," akasema.

Sayi akaruka kuliko mimi.

Masunga alitimiza neno lake. Aliwaleta wote, na dumu la maziwa ya mgando juu, akalitua mlangoni akasema, "Shemeji, usinichukie." Nilimwambia nilimchukia sana ila sasa nimechoka. Yule mtoto wangu mdogo alikuwa amekuwa mtu, ana mashavu, anashika vitu. Nilipombeba alinitazama, akaona mtu mgeni, akapiga kelele za kuitisha majirani. Nilimshikilia tu. Alilia mpaka akachoka, akalala palepale kifuani pangu, na kifua hakikutoa sauti yoyote. Minza alikaa karibu akitutazama. "Umerudi," akaniambia, wakati yeye ndiye aliyekuwa amerudi.

Minza angeweza kuchukua usimamizi wa dawa. Nilimwambia mama yake, kwa heshima, nikitazama chini. Akajibu kwamba yeye hakuanza kazi ili aiachie katikati. Ndoo ikaendelea kupinduliwa.

Miezi iliyobaki ni ya vidonge vichache na uchovu mwingi. Usikate tamaa hapo, maana hapo ndipo mtu anajiona mzima na kila asubuhi inakuwa usumbufu. Kwa kuwa sikuwa na mtumbwi, nilifanya kazi ya wanawake. Nilianika dagaa. Wanaume walinicheka sana, wakaniuliza nimeolewa na nani. Lakini acha nikuambie, nilikuwa nimevua dagaa tangu ujana wangu nikidhani kazi inaisha tukitia nanga. Ilikuwa masika. Unawatandaza kwenye chanja, unawageuza, jua linatoka kidogo, kisha wingu linatokea upande wa ziwa na kila mwanamke anapiga yowe, tunakimbia na maturubai kama kuna vita. Tukichelewa dagaa wanalowa, wanaoza, wanaishia kuwa chakula cha kuku, na kazi ya watu wengi ya usiku kucha inanuka mbele yako. Niliona wanawake wakikaa chini mchangani mvua inawanyeshea, wamechoka hata kulia, halafu mmoja anaanza kumtania mwenzake, wanainuka. Mama mkwe alifanya kazi chanja ya pili kutoka yangu. Mchana alinipa mgongo kama zamani. Ilikuwa asubuhi tu, kwenye ndoo, ndipo tulipokuwa mgonjwa na msimamizi wake.

Kulwa aliniwekea nafasi. Yule mtu mwingine alikuwa anaugua kichefuchefu kwenye mawimbi, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo bila aibu yoyote. Pamba ilipoanza kupasuka mashambani nilirudi kwenye mtumbwi, giza moja la maji ya karibu, nikirudi kila asubuhi kumeza mbele yake, nguo zinadondosha maji.

Kisha ikafika siku ya kikopo cha mwisho. Sayi alikuwa amekwisha kumaliza, akaja hivyohivyo kutoka Kiloleli kunisindikiza, akapanda mzani bila kuombwa, akatangaza kwamba amenipiga. Nesi Rehema alisoma majibu, akanitazama.

"Nenda kavue," akasema. "Na nisikuone hapa tena, labda kuniletea dagaa."

Nilikwenda mwaloni karibu mbio. Nilitaka mama mkwe awe wa kwanza kusikia. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenishusha kutoka kwenye kaburi la mumewe, nilitaka nimwambie hivyo nikimtazama, kwa kuwa sasa tulishakuwa watu wa kutazamana. Alikuwa kwenye chanja yake, anageuza dagaa, uso umeelekea njia niliyokuwa naijia. Aliniona kwa mbali.

"Mama!" nikaita. "Safi! Nimepona!"

Reki ikamdondoka. Akasimama akinitazama uso mzima, mara moja, macho yale ya Minza yamejaa machozi. Kisha akavuta kanga akajifunika kichwa mpaka kidevuni, akanipa mgongo, akakimbia. Mama mtu mzima, alikimbia kweli, akazunguka nyuma ya vibanda kwa njia ndefu ya zamani, na wanawake wote wakapiga vigelegele vya kumsindikiza.

Nilibaki nimesimama na maneno yangu. Minza akaja na mtoto akaniuliza kwa nini nacheka na machozi yananitoka.

"Mama yako amenikimbia," nikamwambia. "Nimekuwa mkwe tena."